Mkono Pembeni ya Karabai

Nilifika Kibiti nikiwa nimelala juu ya vyuma. Nilitoka kwetu Mpanda kwa treni mpaka Tabora. Hapo nilikaa stesheni nikisubiri treni ya Dar es Salaam, na kila asubuhi tuliambiwa inakuja kesho. Dar nikapata kibarua kwenye kampuni moja iliyokuwa ikisimamisha minara ya simu. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kushuka kutoka mijini kwenda vijijini, na kila kampuni ilitaka mnara wake uwahi kabla ya wa mwenzake. Lori likatupakia pamoja na vyuma, likashika barabara ya kusini. Lami ilikuwa vipande vipande. Mkuranga tulishuka kusukuma, tope likatufika magotini.

Nilikuwa nimekumbatia redio ya marehemu baba, ya mbao, yenye kitambaa cha kahawia mbele, imefungwa kwenye blanketi. Kibarua mwenzangu, Sefu, alinicheka njia nzima.

"Wenzako wanabeba unga. Wewe mtu wa bara unabeba sanduku linalokoroma."

Mimi ni mtu nisiyetulia. Nimekaa Geita, nimekaa Chunya, nimekaa Tunduma, na kila nilipokaa nilikumbuka nilikotoka. Mnara wa Kibiti ulipokamilika, wenzetu walisonga kusini. Mimi na Sefu tukabaki. Yeye aliuza vocha za simu, mimi nikaweka meza ya kutengeneza redio sokoni. Tulipanga chumba kimoja na tulikula kwenye sinia moja. Nilikuwa na afya. Ninaandika hili ili mjue kwamba sikuanza mgonjwa.

Karibu na soko kulikuwa na duka la Bi Zuhura. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye mashine ya fotokopi na kompyuta mbili zenye intaneti ya kusuasua. Nilimtengenezea redio, akaona jinsi ninavyoipangusa ya baba kama mtu anavyompangusa mtoto. Akaniita.

"Fundi, hebu njoo uone. Kuna watu humu wana wazimu kama wako."

Kilikuwa kijiwe cha mtandaoni cha watu wanaopenda vitu vya zamani vya nyumbani. Walikuwa Tanga, Unguja, Mombasa, wengine Maskati. Walipiga picha pasi za mkaa, vinu, mbuzi za nazi, redio, karabai zile taa za kupampu, wakaziweka pale na kuzizungumzia kutwa nzima. Waliambiana pia wamepika nini na kama mvua imenyesha. Hakuna aliyetumia jina lake. Mimi nikajiita Redio ya Baba.

Walikuwa na desturi yao. Ukipiga picha kitu, lazima uweke mkono wako pembeni yake, ili wengine wajue ukubwa. Picha isiyo na mkono ilirudishwa kwa neno moja tu: "Mkono." Kwa hiyo tulijuana kwa mikono. Hatukujuana sura. Mama Karabai, muuguzi mstaafu wa Tanga, mkono wake ulikuwa na pete nyembamba na hina kwenye kucha. Pasi ya Mkaa, bwana wa Maskati aliyebishia kila kitu, alikosa ukucha wa kidole cha shahada. Mimi nilishika kamera kwa mkono wa kulia, kwa hiyo uliotokea ulikuwa wa kushoto. Kamera nilikuwa nimeinunua mbovu na kuifufua mwenyewe.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nimeishi sehemu nyingi nikiwa mgeni. Pale kwenye kile kioo cha kompyuta sikuwa mgeni.

Doa lilianza juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Lilikuwa jeupe kidogo kuliko ngozi, halikuwasha, halikuuma. Nilidhani ni mba. Duka la dawa walinipa mafuta, nikapaka, doa likakua. Vinyweleo vyake vikapukutika. Baadaye kidole cha mwisho kikaanza kuwa kama kimelala ganzi, halafu ganzi haikuondoka.

Fundi redio huungua mara kwa mara na pasi ya kulehemu. Mimi nikaanza kugundua malengelenge ambayo sikukumbuka yametokeaje. Nilijisifu. Nilimwambia Sefu mkono wangu umekomaa, umekuwa wa fundi kweli.

"Umekuwa kwato," Sefu akasema. "Kesho tukufungie plau."

Jirani alinipeleka kwa mganga mmoja upande wa Mtunda. Alinichanja kwa wembe juu ya doa na kusugua dawa. Nje ya doa niliruka kwa maumivu. Ndani ya doa sikusikia wembe kabisa. Mganga alifurahi, akasema dawa imeshaanza kumshika aliyeniroga. Nami nikafurahi. Nikarudi nyumbani kwa miguu, damu inanitiririka mkononi, nikiamini kwamba kutosikia maumivu ndiyo dalili ya kupona.

Kilichonifumbua macho ni karabai.

Niliambiwa kwamba kule delta, mto unapomwagikia baharini, kijiji kimoja ndani ya mikoko, kuna bibi ana karabai ya shaba ambayo haijawahi kupakwa rangi. Nikapanda boti ya mashine kutoka Nyamisati. Bibi mwenyewe aliitwa Somoe. Marehemu mumewe alikuwa akifanya biashara ya boriti za mikoko, na ile taa ndiyo aliyokuwa akihesabia boriti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka Kibiti kuja kupiga picha taa? Watu hamna kazi."

Lakini alifurahi. Alitaka picha ionyeshe kwamba taa bado nzima. Chumba chake kilikuwa na giza hata mchana, basi akaipampu mpaka ikawaka nyeupe. Nikaweka mkono pembeni, kama desturi. Nikachungulia kwenye kamera. Mwanga ulinisumbua, nikarekebisha, nikapiga, nikarekebisha tena. Nikasikia harufu ya nyama. Nilidhani kuna jirani anachoma.

"Mjukuu wangu," Bibi Somoe akasema taratibu, "ondoa mkono. Unaungua."

Nilitazama. Upande wa kiganja na kidole cha mwisho vilikuwa vimegusa kofia ya bati ya ile taa, na ngozi ilikuwa imeganda hapo. Nikavuta. Ngozi ikabaki kwenye bati. Niliona nyama nyekundu na mafuta meupe, na sikusikia kitu. Ilikuwa kama ninautazama mkono wa mtu mwingine.

Yule bibi akaanza kulia. Nikawa ninambembeleza, mimi niliyeungua. "Haiumi, bibi. Nyamaza, haiumi." Na kila nilipomwambia haiumi, alizidi kulia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilirudi Kibiti na mkono umefungwa kanga ya Bibi Somoe. Kwa ujinga wangu, au kwa kutaka kitu kimoja kibaki kama kilivyokuwa, nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura nikaiweka ile picha. Wakaisifia karabai. Halafu Mama Karabai akaandika: "Redio ya Baba, mkono umegusa bati la moto. Hukusikia?"

Nikajibu kwamba sikusikia.

Kabla hajaandika tena, mtu mwingine, mgeni pale kijiweni, akaandika: "Si ukoma huo? Jamani msiiguse picha." Wengine wakacheka. Mmoja akauliza kama ugonjwa unapita kwenye waya.

Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma. Nikainuka, nikaaga, nikatoka. Nilipogeuka nikamwona dirishani ana kitambaa chenye sabuni. Alikuwa anafuta kibodi, herufi moja moja.

Jioni ile Sefu alipakua wali kwenye sahani mbili.

"Leo nina mafua," akasema. "Nisije nikakuambukiza."

Hakuwa na mafua. Tulikula, kila mtu na sahani yake. Baada ya siku chache niliporudi kutoka sokoni nikakuta godoro lake halipo. Alikuwa ameacha ndoo, maana tulizoea kuitumia wote.

Nikaacha kwenda sokoni. Wateja walikuwa wameshaanza kupita mbali na meza. Kidonda kilioza, kikatoa maji ya njano, inzi wakanifuata ndani. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani na havikutaka kunyooka. Sikuweza kufunga kifungo cha shati. Sikuweza kushika skrubu. Asubuhi moja nilijitazama kwenye kioo nikaona ndewe za masikio zimevimba na kung'aa. Nilikigeuza kile kioo ukutani.

Sikuogopa kufa. Niliogopa kuishi na mkono ule. Mtu anayezunguka nchi kama mimi mali yake ni mikono. Hana shamba, hana ukoo karibu. Akifika mahali anaonyesha mikono yake, watu wanamkaribisha. Nilijiuliza nitafika wapi tena, nitanyoosha nini nikisema hodi.

Siku moja nilikwenda Nyamisati, na sikuwa na nia ya kupanda boti. Nafikiri mnanielewa. Nilipofika, maji yalikuwa yamekupwa. Palikuwa na tope tupu mpaka mbali, na kaa wadogo wanatembea juu yake. Nilikaa pale kwa muda mrefu. Mama mmoja aliyekuwa akichagua kamba wabichi aliniuliza kama ninasubiri mtu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi sogea kivulini, baba, maji bado sana." Nikasogea. Sijui jina lake. Namshukuru hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kumshukuru. Nilirudi Kibiti kwa lori la mkaa.

Wewe unayesoma, ukiwa pale nilipokuwa, mwambie mtu. Hata mchagua kamba.

Siku iliyofuata kulikuwa na hodi mlangoni. Sikuitika. Bi Zuhura akaingia hivyo hivyo.

"Fundi, chumba kinanuka."

"Ni mimi, Bi Zuhura."

"Najua ni wewe. Kuna mama huko Tanga anakuandikia kila siku. Mwenyewe huji. Nimechoka kumsoma peke yangu."

Nikamwambia arudi dukani kwake akafute kibodi. Akavuta ile ndoo ya Sefu, akaigeuza, akakaa.

"Uliniona."

"Nilikuona."

"Basi nilifuta. Niliogopa. Nina wajukuu nyumbani, Fundi. Lakini nikamuuliza yule mama, akanijibu kwamba ugonjwa huu una dawa, na dawa yenyewe haiuzwi, unapewa bure hospitali. Akasema anataka uone kitu. Inuka."

Nikainuka. Sina maelezo mengine. Aliniambia inuka kama mama, nami nikainuka.

Dukani aliniweka kwenye kiti kile kile. Mama Karabai alikuwa amepitia picha zangu zote tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameziondoa redio na vinu na pasi, akabakisha mkono tu, akaupanga kwa kufuatana. Mkono wa kwanza, pembeni ya redio ya baba, ulikuwa umejaa na umenyooka. Kwenye picha ya kinu kidole cha mwisho kilikuwa kimeanza kupinda. Kwenye picha ya pasi, nyama kati ya dole gumba na shahada ilikuwa imebonyea. Kisha ule wa karabai. Nilikuwa nimeupiga picha ugonjwa wangu hatua kwa hatua, nikiuonyesha nchi tatu, na nisiuone.

Chini yake aliandika: "Mwanangu, mkono huu bado unaweza kuokolewa. Lakini mishipa haingoji. Ukikaa tena msimu mmoja, hautafunguka. Nenda kesho. Usinijibu, nenda."

Nilikwenda. Bi Zuhura alifunga duka akanisindikiza.

Hospitali, daktari wa kliniki ya ukoma alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya kukwaruza. Alipapasa kiwiko changu, akakuta mshipa umevimba kama kamba ya kitanda. Akaniambia nifumbe macho, akinigusa kwa pamba nionyeshe kwa kidole alipogusa. Nikafumba. Nikasubiri aanze.

"Fumbua," akasema.

"Hujanigusa bado, daktari."

Bi Zuhura alikuwa amegeuza uso ukutani. Daktari alikuwa amenigusa mkono mzima.

"Umekawia," daktari akasema, "lakini hujachelewa kabisa. Dawa utameza mwaka mzima. Dozi ya kila mwezi utaimeza hapa, mbele yangu."

"Nitaambukiza watu?"

"Ukishaanza dawa, la. Kula na watu. Na yule uliyekuwa unalala naye chumba kimoja aje tumwangalie ngozi."

Sikujua Sefu alipo.

Dozi ya kwanza ilinifanya nikojoe mkojo mwekundu, na ngozi yangu baada ya muda ikawa nyeusi kama iliyopakwa masizi. Hayo nilikuwa nimeambiwa. Ambalo sikulitegemea ni homa iliyokuja baadaye. Madoa yakavimba na kuwa mekundu. Mkono ule usiosikia kitu ukaanza kuwaka kutoka kiwiko mpaka kidoleni, moto wa ndani, nikawa natembea chumbani nikiung'ata mto. Nilihesabu kwamba dawa ndiyo inayoniua. Nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki nizitupe chooni.

Nilijikokota mpaka dukani nikamwandikia Mama Karabai kwamba nimeacha.

Akajibu kwa ukali ambao sijawahi kumwona nao. "Ukiacha leo, huo mkono usahau. Hiyo si dawa inayokuua, ni mwili umeamka unapigana. Rudi hospitali sasa hivi, wakuongezee vidonge vya kutuliza mishipa. Bi Zuhura, kama unasoma hapo nyuma yake, mnyang'anye huo mfuko."

Bi Zuhura alikuwa anasoma hapo nyuma yangu. Akaunyang'anya.

Vidonge vile vilinitia njaa na vikanipa mashavu ya mtoto mchanga. Maumivu yakashuka polepole. Kila siku niliroweka mkono kwenye maji, nikaupaka mafuta ya nazi, nikauweka juu ya paja na kuvinyoosha vidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili, kama mtu anayenyoosha waya. Mama Karabai aliniamuru niweke picha ya mkono kila wiki pembeni ya kiberiti. Wengine kijiweni walichukia, wakahama. Pasi ya Mkaa akaandika kwamba kiberiti si kitu cha zamani, picha hizi zinavunja kanuni. Halafu kila wiki alikuwa wa kwanza kuuliza, "Kiberiti kiko wapi?"

Wiki nyingi hazikuonyesha kitu. Niwaambie hivyo wazi, kwa sababu wagonjwa wengi huachia hapo. Nilimeza, nikanyoosha, nikapiga picha, na mkono ukabaki vile vile. Nilikata tamaa asubuhi na nikameza dawa mchana. Vyote viwili vinaweza kufanywa na mtu mmoja kwa siku moja.

Kisha siku moja Bi Zuhura alinipa chai. Nikashika kikombe kwa mkono wa kushoto bila kufikiri, na nikakiachia. Kikavunjika, chai ikamwagika mpaka kwenye fotokopi.

"Imeniunguza," nikasema.

"Pole, Fundi."

"Usinipe pole. Imeniunguza."

Alielewa. Tukakaa pale tukitazama vipande vya kikombe, wote wawili tunalia kama waliofiwa.

Si mkono mzima uliorudi. Kidole cha mwisho kimebaki kimepinda, na ukingo wa kiganja una kovu la kofia ya karabai. Mpaka leo naukagua kila jioni, na sishiki sufuria bila kitambaa. Lakini ulifunguka. Nafunga vifungo. Nashika skrubu.

Nilipomaliza dawa, daktari aliniruhusu, na ile hali yangu ya kutotulia ikarudi kabla sijafika mlangoni. Nikajua nimepona. Nikaamua kurudi Mpanda na kuihama Kibiti moja kwa moja. Kwanza nilikwenda delta kumrudishia Bibi Somoe kanga yake. Tangu siku ile hakuwa ameiwasha tena karabai. Akaniwekea mezani, haina moto, yeye mwenyewe akaushika mkono wangu na kuuweka pembeni yake. Nikapiga picha.

Doa lisilowasha na lisilouma usilidharau. Kidole kikifa ganzi, usijisifu. Nenda hospitali, dawa ni bure. Na Sefu, popote ulipo, sina kinyongo. Nenda ukaangaliwe ngozi, ndugu yangu. Tulikula sinia moja.

Siku ya kuondoka niliiweka ile picha kwa mara ya mwisho kutoka dukani kwa Bi Zuhura, huku basi likipiga honi barabarani. Nilikaa nikisubiri waseme kuhusu mkono. Hakuna aliyesema. Pasi ya Mkaa akaandika: "Hii si karabai ile ya kwanza. Ile ilikuwa kubwa zaidi. Mnatudanganya." Wengine wakamuunga mkono, wengine wakambishia, wakaanza kupima shingo ya taa na upana wa tangi.

Mwisho akaandika Mama Karabai: "Taa ni ile ile. Mkono ndio umefunguka."

"Fundi," Bi Zuhura akasema, "gari linakuacha."

Nikainuka. Alinisogezea blanketi lenye redio ya baba ndani yake. Nililishika kwa mkono wa kushoto, nikatoka nalo, nikapanda.